Kisigino Changu, Mto, na Mama Mkwe

Kama unasoma haya ukiwa umeinua mguu juu ya kiti, na watu wa nyumbani wanapita wakikwambia pole kwa mara ya mia, basi ni wewe niliyekuandikia. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani, nina meza yangu karibu na soko la Tshopo, hapa Kisangani, na habari za kano na misuli sitazieleza kwa sababu sikuzielewa hata nilipochorewa kwenye karatasi. Ninachokijua ni kungoja, na kumeza maji ya mto.

Kwa miaka minane nilikuwa mkimbiaji. Kila Jumapili, kabla jua halijawa kali, sisi watu sita tulivuka daraja la Tshopo, tukashika barabara ya zamani ya Buta hadi Masako kwenye msitu, kisha tukageuza. Siku hiyo mvua za mwezi wa kumi zilikuwa zimeanza na barabara ilikuwa tope tupu. Tulikuwa tunarudi. Ghafla nikasikia kishindo kwenye kisigino cha kushoto, kama mtu kanitupia jiwe, nikaenda chini. Nikageuka. Nyuma yangu alikuwapo Dieudonné, rafiki yangu, ambaye siku zote hukimbia nyuma ili apate kunitania.

“Mbona umenipiga teke?” nikamuuliza.

“Mie? Niko mbali na weye, mita kumi.”

“Ni nani alinipiga, donc?”

“Hakuna mutu, Rama. Ni weye na barabara.”

Sikumwamini. Alinipandisha kwenye toleka, ile baiskeli ya abiria, akatembea kando yake hadi nyumbani, na bado nilimnunia wiki mbili nzima. Baadaye daktari aliniambia kwamba kano la kisigino likikatika, karibu kila mtu hudhani amepigwa. Ilinibidi nimwombe radhi mtu ambaye kosa lake pekee lilikuwa kunibeba.

Zile wiki mbili za mwanzo sikwenda hospitali. Kwetu, kabla ya hospitali kuna tantine. Tantine Zaina, dada wa marehemu baba yangu, alikuja na mafuta ya mawese yaliyochemshwa na chumvi, akaukamata mguu wangu akaukanda kama anayetwanga pondu, majani ya muhogo.

“Ni mushipa imeruka,” akasema. “Itarudi.”

“Tantine, unaniua.”

“Lia tu. Ukilia, njo mushipa inarudi.”

Nililia sana, lakini hakuna kilichorudi. Mguu ulivimba ukawa kama muhogo wa shamba jipya. Tulipofika hospitali, daktari, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole, aliniminya shavu la mguu akatazama kama wayo utacheza. Haukucheza. Akauliza ni nani aliyekuwa ananikanda. Nikasema simkumbuki. Tantine Zaina, aliyekaa kando yangu, alikuwa anaikagua dari kwa makini.

“Kutembea, utatembea,” daktari akasema. “Kukimbia, tutaona.”

Hilo neno tutaona ndilo lililokaa nami mwaka mzima. Nilikula nalo na nikaamka nalo. Maana mimi, ukiniondolea ile Jumapili ya Masako, ninabaki mtu anayekaa kwenye kiti akipima viuno vya watu.

Nikafungwa plasta hadi chini ya goti, vidole vikiwa vimeelekezwa chini kama mguu wa kuku. Ikawa benchi la hospitali kila wiki. Benchi lile lina desturi yake: anayeingia husalimu wote, hukaa mwishoni, halafu husimulia ajali yake tangu mwanzo, na hakuna kumkatiza. Hadithi yangu niliisimulia mara nyingi hadi nikaanza kuipamba. Kulikuwa na mama mmoja aliyevunjika mkono. Mimi nilimfungulia majani ya chikwangue yake, ule mkate wa muhogo, yeye akanipa bega la kusimamia nikiitwa ndani. Kati yetu wawili tulikuwa na mtu mmoja mzima. Ukipata mtu wa namna hiyo kwenye benchi lako, mshike.

Plasta ya kwanza ilitolewa, ikawekwa ya pili, na ya pili ikatolewa baada ya mwaka mpya. Mguu uliotoka humo haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba, wenye manyoya mengi, ngozi inabanduka. Binti yangu Assia, ana miaka tisa, aliuzunguka akiutazama.

“Papa, hii mguu iko ya nani?”

Tumbo nalo lilikuwa limekua, kana kwamba nyama iliyotoka mguuni ilihamia huko. Niliongeza sentimita nne kwenye suruali zangu mwenyewe, na fundi anapojipunja vipimo anajua kabisa anayemdanganya.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wahenga walisema, na mimi nilikanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Lakini moyoni nilikuwa nimechacha. Niligombana na chumvi ya mchuzi, niligombana na redio ya jirani. Mke wangu Béa huuza samaki wa moshi sokoni, hurudi jioni amechoka, na alichokuta nyumbani ni mimi nikiwa nimevimba kuliko kisigino. Jioni moja aliweka beseni chini, akaniambia taratibu:

“Papa Assia, mguu njo imeumia. Ulimi iko muzima, lakini njo inatuumiza.”

Niliona aibu hadi masikio yakawa moto. Wiki iliyofuata Béa alimwita mama yake aje kutusaidia.

Hapo lazima nieleze jambo. Mama mkwe wangu, Mama Likunde, ni mtu wa mto, wa Isangi, kule chini ambako mito miwili inakutana. Mimi ni mtu wa Maniema, wa nchi kavu. Katika mengi tunatofautiana, ila kwa hili pande zote mbili zinakubaliana: bokilo, yaani mkwe, ni wa kuheshimiwa kwa umbali. Humtazami usoni. Huli naye. Husemi naye moja kwa moja, maneno hupitia kwa mke. Na kifua wazi mbele ya mama mkwe, bora ufe. Miaka kumi na miwili ya ndoa nilikuwa nimeyashika hayo bila shida, kwa kuwa yeye alikuwa Isangi na mimi Kisangani.

Akashuka kwenye mashua na vikapu viwili vya samaki, akaingia katika nyumba yetu ya vyumba viwili. Ikabidi tuishi kwa kukohoa. Yeye anakohoa mlangoni, mimi nashika magongo nakimbilia uani. Mimi nakohoa uani, yeye anaingia jikoni. Assia alidhani sote tuna kifua. Lakini niseme ukweli: tangu siku ile sahani yangu haikukosa lituma, ndizi zilizopondwa vizuri hadi zikang'aa, na samaki ndani ya majani, na hakuna aliyeniuliza kama chumvi imetosha.

Mwezi wa pili nikapelekwa kwa mama wa kiné, anayefundisha miguu kutembea upya. Alinifanya nisimame kwa vidole nikishika ukuta, nikashindwa. Akafikiri kidogo.

“Unajuaka kuogelea?”

“Hapana. Kwetu tunaoga tu.”

“Alors, jifunze. Mu mayi mguu haina uzito.”

Nyumbani nilipolisema hilo, Béa alicheka hadi akakaa. Yeye anaogelea kama samaki, lakini soko halimwachii nafasi zaidi ya nusu saa asubuhi, na kufundisha hakuwezi. Anachokijua mwili wake hajui kukisema.

“Mama njo anajua,” akasema. “Alinifundisha mie, na dada zangu, na nusu ya Isangi.”

Kutoka upande wa pili wa pazia linalotenga vyumba vyetu kikaja kikohozi, kisha sauti:

“Mwambie kesho, saa kumi na mbili.”

Kesho yake nikafika ufukweni, mahali mitumbwi inapofungwa na maji ni ya utulivu. Kwa heshima ya bokilo nilivaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, vifungo hadi shingoni. Mama Likunde alikuwa amekaa katika mtumbwi wa binamu yake, amenipa mgongo, mwavuli juu ya kichwa. Béa alisimama kati yetu, maji kiunoni, akipokea maneno huku na kuyapeleka kule. Tatizo ni kwamba neno linalopitia kwa mtu mwingine huchelewa. Hadi “mwambie afunge mdomo” linifikie, nilikuwa nimeshakunywa.

“Mwambie anyooshe miguu. Hayuko kwenye mashine ya kushona.”

“Mama anasema unyooshe miguu, hauko kwenye mashine.”

“Nimesikia. Mwambie nanyoosha.”

Nikapiga mateke. Suruali ikajaa maji, ikawa nzito, ikaanza kuteremka. Hapo nikafanya kosa ambalo mtu asiye na bokilo hawezi kulifanya: niliacha kuogelea nikaikamata suruali kwa mikono miwili. Nilichagua heshima, nikazama. Béa alinitoa kwa ukosi wa shati. Wavuvi wawili waliokuwa wakitengeneza nyavu walicheka mpaka nyavu zikawaanguka.

Mama Likunde hakugeuka. Alingoja nimalize kukohoa, safari hii kukohoa kweli, ndipo akasema:

“Mwambie mu mayi hakuna bokilo. Mu mayi batu wote iko vichwa tu.”

Ukiyavulia nguo maji, sharti uyaoge. Methali haisemi lolote juu ya mama mkwe, lakini tuliipatia njia. Nilishona nguo kwa jezi ya zamani ya mpira, yenye kubana, mikono mifupi, mwisho magotini. Kila asubuhi Mama Likunde aligeuza mtumbwi ukatazama ng'ambo. Mimi niliingia hadi maji yakafika shingoni, nikakohoa. Ndipo alipogeuza mtumbwi akakuta kichwa tu, na kichwa hakina aibu. Macho yangu niliyaweka kwenye maji, na maneno tuliendelea kuyapitisha kwa Béa.

Siku ya kwanza niliyoelea ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa imenyesha na maji yalikuwa ya vuguvugu. Nililala chali, masikio ndani, nikatambua kwamba siusikii mguu wangu. Haukuuma, haukuvuta, haukunikumbusha neno la daktari. Kwa miezi mitano nilikuwa mtu wa kuchechemea, na hapa nilikuwa mtu kama wengine. Nililia. Uzuri wa mto ni kwamba hakuna anayejua.

Kuanzia hapo mwili ukabadilika tena, sasa kwa upande mzuri. Mabega yalipanuka hadi koti langu la sherehe likanibana kwapani, nikalifumua mwenyewe kwa furaha. Tumbo likarudi lilikotoka. Ulimi nao ukapoa, Béa ndiye shahidi.

Mwezi wa sita Dieudonné akaja mezani kwangu na habari. Wakimbiaji na vijana wa mto walikuwa wamepatana kufanya mashindano ya watu wawili wawili: mmoja anavuka mto mkubwa kwa kuogelea kutoka Lubunga, ng'ambo, hadi upande huu, anamgusa mwenzake mkono, mwenzake anakimbia hadi daraja la Tshopo.

“Mie mayi naiogopa,” akasema. “Weye kukimbia hauwezi. Tuko mutu moja.”

Nikacheka nikakubali, halafu usiku sikulala vizuri. Kuelea karibu na ufuko ni jambo moja. Kuvuka mto ule ni jingine. Watu wazima waliozaliwa kando yake huuzungumzia kwa sauti ya chini. Na nilijua ninachokiweka rehani: nikishindwa na mto baada ya kushindwa na barabara, nitakuwa nimeisha. Mama wa kiné aliridhia, akanikataza tu kusukuma kwa kisigino wakati wa kutoka.

Sharti la mashindano lilikuwa kwamba kila mwogeleaji awe na mtumbwi wake ubavuni, na ndani ya mtumbwi mtu mmoja tu, ili nafasi ibaki ya kumpakia atakayechoka. Mtumbwi wangu, ule wa binamu, aliuendesha Mama Likunde. Béa hakuwa na nafasi. Nani basi atapitisha maneno? Tukakaa jioni, kila mmoja upande wake wa pazia, tukatunga alama: kasia likigonga mtumbwi mara moja, niende kulia. Mara mbili, kushoto. Mara nyingi, nishike mtumbwi, yamekwisha.

Siku ikafika, mwezi wa saba, maji yamepungua na mchanga unaonekana. Tulikuwa waogeleaji tisa. Nusu ya kwanza niliogelea vizuri hata nikaanza kujisifu. Kasia liligonga moja, nikaenda kulia, kupanda dhidi ya mkondo kama tulivyopatana. Kisha mashua kubwa ya mizigo ikapita upande wa juu wa mto, na mawimbi yake yakanifikia yakiwa mawili, moja likaninyanyua, jingine likaniingia mdomoni. Nilipotoka, sikujua Kisangani iko wapi. Masikio yalijaa maji. Mkondo ulikuwa unanichukua chini, na nakumbuka nilifikiri kwamba nitafika Isangi kabla ya mama mkwe mwenyewe. Kisha sikufikiri tena mzaha wowote. Mikono ilianza kupiga maji ovyo. Niliogopa, niliogopa sana, na nilimwona Assia akiuzunguka mguu wangu.

Kasia liligonga, niliambiwa baadaye. Sikulisikia. Nililolisikia ni jina langu.

“Ramazani. Ramazani, niangalie. Niko hapa.”

Nikainua macho. Alikuwa amesimama katika mtumbwi, kitambaa cha kichwa kimemwanguka, mvi zote nje, akinitazama moja kwa moja, na mimi nikamtazama. Miaka kumi na miwili sikuwa nimeuona uso wake. Una pua ya Béa.

“Unataka kupanda?” akauliza. “Sema weye mwenyewe.”

“Hapana, mama.”

“Bon. Pumua kwanza. Usiangalie ng'ambo, iko mbali. Niangalie mie.”

Nikapumua. Nikaogelea nikimtazama yeye, naye alirudi nyuma polepole akiongea njia nzima, maneno ambayo kwa miaka kumi na miwili yalikosa mpitishaji: kwamba nashona vizuri, kwamba nilikuwa mkali bure, kwamba binti yake hakosi kunisifu hata akilalamika. Mchanga ulinigusa magoti kabla sijajua. Nikatambaa, sikusukuma kwa kisigino, nikagusa mkono wa Dieudonné. Akaondoka mbio kama mtu aliyeshtakiwa uongo na sasa anathibitisha. Tulikuwa wa saba kati ya jozi tisa, na yeye mpaka leo anasema wa saba ni karibu na wa kwanza, inategemea unahesabia wapi.

Jioni ile tulirudi kwenye kukohoa. Tulikuwa tumevunja miiko, tena mchana kweupe, mbele ya watu. Tantine Zaina aliitwa kuamua. Alifikiri, akaukumbuka labda mguu wangu na mafuta yake, akahukumu kwa upole: mimi nitoe kuku, mama mkwe atoe samaki, vipikwe pamoja, yaishe. Tulikula pazia likiwa limefungwa, kila mtu upande wake. Siku ya pili Mama Likunde alipanda mashua akarudi kwao.

Mvua za mwezi wa kumi zimerudi tena. Wiki iliyopita mama wa kiné alinipeleka uani kwake, akanionyesha ukuta wa mwisho.

“Enda na urudi. Pole pole. Ukiona maumivu, simama.”

Nilikimbia. Hatua hamsini, labda sitini, mguu mmoja ukiwa mgeni kwa mwenzake. Haukuuma. Alinipa mkono, akaniambia pia lile nililokuwa nalingoja mwaka mzima: kukimbia kidogo, ndiyo, ila Masako na kurudi, hapana, na mashindano ya barabara niyasahau. Nilidhani siku nitakayoambiwa hivyo nitaanguka. Nilimshukuru, nikaenda zangu nikiwa na njaa.

Kwa hiyo wewe uliyeinua mguu, sikuahidi kwamba utarudi pale ulipotoka. Mimi sikurudi. Ila usimnunie aliyekubeba, mpe tantine chai badala ya mguu, na ukimwona mtu amekaa peke yake kwenye benchi, mfungulie chikwangue.

Nyumbani siku ile Béa alikuwa kwenye simu na mama yake, akimsimulia habari za pale uani. Nikangoja, kama kawaida, anipitishie jibu. Badala yake akaninyooshea simu.

“Anataka weye.”

Nikaiweka sikioni. Kwanza nikasikia anakohoa.

“Ramazani. Banasema umekimbia.”

“Nimekimbia, mama. Kidogo tu. Haitaendelea sana.”

Nyuma yake nilisikia mashua ikiwashwa na watu wakiitana.

“Basi kuja Isangi,” akasema. “Huku mto iko mpana.”